Mwenye Kuharibu Maji

Mume wangu aliponiambia niweke sahani chini, nilijua vita vimerudi nyumbani kwangu. Hakutaja vita. Alisema tu, "Weka kule, mi nitachukua," na kidole chake kikaonyesha udongo karibu na mlango. Nilikuwa nimeshika ugali wa moto na ndagala kidogo, vile ninavyompelekea siku zote tangu tuingie katika hii nyumba ya matofali mabichi hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Nikasimama, nikamwangalia. Yeye akaangalia pembeni kama mtoto aliyelamba sukari ya wageni.

"Ju gani niweke chini? We imbwa?"

"Weka chini, mama. Tafazali."

Nikaiweka. Nikarudi jikoni, nikakaa juu ya kale kakiti kangu ka miti. Nje nilimsikia akiinama taratibu, mgongo ule mbovu, akaokota sahani yake, akaanza kula peke yake.

Mtu asiyetoka kwetu hawezi kuelewa woga wangu bila kuelezwa. Kwetu ni milima ya juu ya Fizi, Kongo. Zamani, vijana walipochukua silaha kulinda vijiji vyetu, hawakwenda vitani hivi hivi. Kulikuwa na mzee wa dawa aliyewanyunyizia maji yenye majani na maneno ndani yake. Ukishanyunyiziwa, risasi ikikufikia inageuka maji, inateleza. Njo vile walivyosema, na sisi tuliamini. Lakini maji yalikuwa na sheria. Mtu aliye chini ya maji haguswi na mtu wa kawaida. Hatoi mkono kwa salamu. Hapokei kitu mkononi. Unaweka chini, naye anaokota. Na mwanamke ndiyo kabisa, hamgusi hata kwa bahati mbaya, hata awe mama yake mzazi. Mmoja akivunja, maji ya kikosi kizima yanaharibika, wote wanakufa.

Mume wangu alikuwa komanda wa kikosi kidogo. Wakati ule alikuwa mrefu, mweusi, na sauti ya kuita mtu kutoka mlima wa pili. Mimi nilikuwa mke wake mpya na nilijivuna sana, sitaficha. Siku moja kabla ya mapigano makubwa nilipanda njia ya juu kumpelekea muhogo. Niliuweka kwenye jiwe walilotuonyesha sisi wanawake, nikashuka bila hata kumwona. Kesho yake vijana wake walikufa wote. Yeye peke yake alirudi, tena bila jeraha. Mzee wa dawa akasema maji yake hayana kosa. Kuna mtu aligusa mwanamke. Watu wakatazamana. Nani alirudi mzima? Komanda. Mke wa nani alionekana kwenye njia? Mimi.

Basi, maneno yakaisha hapo. Hakuna aliyetupiga wala kutufukuza. Walinyamaza tu tulipopita, na ile kunyamaza ilituvusha ziwa mpaka Kigoma, ikatufuata katika kambi za Tanzania, na tulipofika Malawi tukaikuta imeshafika kabla yetu, ju watu wa kwetu wako wengi hapa. Yeye walimwita mwenye kuharibu maji. Mimi, hata jina hilo hawakunipa. Nilikuwa "ule mwanamke." Nimeshona sare za kwaya za nusu ya makanisa ya kambi hii, nimeshona nguo za harusi za watoto wao kwa cherehani yangu, na bado kuna mama ambaye akinipa kitambaa anakiweka juu ya meza, hataki mkono wangu. Hasira ya kitu kile ninayo mpaka leo. Sikuwa nimemgusa! Hata kivuli chake sikukiona siku ile.

Sasa mume wangu amezeeka. Meno yamepungua, magoti yanalia akiinuka, kazi yake ni kulinda kanisa mchana na kuchonga mipini ya majembe kwa wakulima wa Dowa. Na mtu wa namna hiyo ananiambia niweke sahani chini.

Nilimwacha amalize kula. Kisha nikatoka, nikasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Nani alikunyunyizia maji?"

Akafuta mdomo. "Nani alikuambia nimenyunyiziwa?"

"Mi niliolewa na we jana? Sema."

Akasema. Kuna mgeni amefika Lilongwe, amepanga chumba Chinsapo. Ni mtoto wa rafiki yake wa zamani. Kule juu vijiji vinaungua tena, na watu wanakusanyika upya. Vijana kadhaa wa kambi yetu wamekubali kwenda. Mzee wa dawa alipita kwa siri, akawanyunyizia wote, naye mume wangu pamoja nao, na sasa huyo mzee wa dawa alikuwa ameshavuka mpaka kwenda kungojea mbele. Waliobaki walikuwa wanangoja lori la kuwapeleka Karonga, kisha Tanzania, kisha ziwa.

"Na we, na magoti yale, utapiga nani?"

"Banataka komanda. Banataka mutu mwenye anajua njia." Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake: "Banasema nikirudi kule, mambo ya zamani itaoshwa. Mbele ya bantu bote. Ya kwangu na ya kwako."

Ya kwangu na ya kwako. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, na tusi lilikuwa tayari mdomoni, likakwama. Sitadanganya hapa. Nilitaka asiende, ju nilijua hatarudi. Mzee huyo hawezi kukimbia hata mvua. Na pia nilitaka aende. Nilitaka asimame mbele ya wale watu, jina letu litangazwe safi, nami nitembee sokoni nikiangalia kila mama machoni. Nilitaka hivyo sana mpaka nikaona aibu, nikaingia ndani kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuchekesha na za kuumiza kwa pamoja. Kanisani, wakati wa kupeana mkono wa amani, alitoka nje mbio kama mtu anayebanwa na tumbo. Mama pasta akanijia, uso umemkunjamana. "Mama, corona imerudi? Mutuambie tu, tusali." Nikamwambia haijarudi, ni mzee tu na mambo yake. Kuna pia jirani yetu, mama Mmalawi anayetuuzia nyanya kutoka kijiji cha karibu. Yule anajua kusalimia: anapinda magoti, mkono wa kushoto unashika kiwiko cha kulia, uso wote unacheka. Mkono wake ukabaki hewani. Mzee akatazama mbinguni. Mama wa watu akadhani anadharauliwa ju yeye ni wa kijijini, macho yakamjaa. Nikasema haraka ana upele mbaya wa mikono, hataki kumwambukiza. Kumbe nimejiletea! Kesho yake akaja na fungu la majani ya kuogea, akasimama mlangoni mpaka mzee akajiogesha nayo. Alinuka kama zizi la mbuzi wiki nzima, na mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikakumbuka ni kwa sababu gani hamgusi mtu, kicheko kikakatika.

Usiku hatukulala tena kitanda kimoja. Yeye alitandika mkeka upande wa pili. Tulikuwa tumezeeka, hakuna cha kusema juu ya mambo hayo, lakini nilikuwa nimezoea mgongo wake wakati wa baridi ya mwezi wa sita. Niliukosa.

Siku ya kwenda ilipofika nilimwambia nitamsindikiza mpaka Chinsapo. Akakataa. Nikamwambia atanizuia na mkono gani, ju hawezi kunigusa. Akashika njia. Basi nikashinda.

Minibasi hatukuweza kupanda, ju humo watu wanakaliana mapajani. Tukapata gari la mtu anayepeleka kabichi mjini. Mzee akasimama nyuma peke yake katikati ya magunia, akishika chuma, koti lake la harusi mwilini. Mimi nilikaa mbele na dereva, nikimwangalia kwenye kile kioo cha pembeni. Alikuwa amesimama wima. Miaka mingi sikuwa nimemwona amesimama hivyo. Tulipita Area 49, watu wanafagia mbele ya maduka, kisha tukapita karibu na Capital Hill, kule kwenye ofisi za serikali ambako tuliwahi kushinda tukingoja karatasi zetu mpaka walinzi wakatuzoea. Moyoni nilikuwa nasema, mwangalie vizuri, mama, mwangalie njo mara ya mwisho. Dereva akaniuliza kwa Kichewa kama naumwa. Nikamwambia ni vumbi.

Gari lilitushusha mbali kidogo. Vijana wa kabaza wakatukimbilia na baiskeli zao, "Agogo, tiyeni, agogo!" yaani babu, twende. Mzee akatikisa kichwa, akatembea kwa miguu katikati ya njia akiwakwepa watu kama mtu aliyebeba mafuta ya moto. Mimi nyuma yake na begi lake. Ndani ya begi kulikuwa na sweta, sabuni, Biblia, na muhogo wa kuchoma niliofunga kwenye jani. Chinsapo ilikuwa imejaa: wauza chipsi, wauza mitumba, muziki kila mlango.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mitumba. Wanawake hawaruhusiwi, kwa hiyo nilikaa kwenye ngazi ya mlango, begi miguuni. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu chumba hakikuwa na dirisha, nikaona yote. Vijana walikuwa wamekaa kwenye benchi kando ya ukuta, mikono juu ya magoti, hawajui waiweke wapi. Niliwajua. Yule wa kwanza ni mpiga ngoma wa kwaya yetu. Wa pili anafyatua matofali. Kuna mmoja nilimshonea shati jeupe alipomaliza sekondari, akalivaa mpaka likachanika kwapani, kazi hajapata. Walipomwona mzee walisimama wote. "Papa Komanda," wakasema. Kweli, walisema hivyo, kwa heshima. Nikaona shingo yake inanyooka.

Mgeni alikuwa mwanaume wa makamo mwenye jaketi ya ngozi na maneno mazuri. Aliwaeleza vijana habari za nyumbani, nyumba zilizochomwa, ng'ombe, makaburi ya babu zao. Alisema vizuri mpaka na mimi kule mlangoni nikasikia damu inachemka. Kisha akafika kwenye maji.

Mpiga ngoma akanyosha kidole kama yuko shuleni. "Kaka, kama mi sivunje sheria, siwezi kufa?"

"Hakuna mwenye alikufa bila kuvunja," akajibu mgeni. "Hata mmoja. Maji haina kosa. Mwenye kosa ni mutu. Na si maneno yangu. Papa Komanda iko hapa, alikuwa kule. Papa, wengi banasema ni we uliharibu. Sisi hatuamini. Leo tunakupa nafasi. Simama, uambie batoto ukweli. Kati ya bale vijana bako, ni nani aligusa? Taja jina tu. Ukitaja, we uko safi mbele ya bote, na unabaongoza."

Nikaelewa. Hawakumhitaji kwa sababu ya njia. Njia siku hizi iko kwenye simu. Walihitaji ushahidi. Walihitaji mzee mmoja aliyetoka kule aseme kwamba maji yanafanya kazi, kwamba wale walikufa kwa kosa la mmoja wao. Na bei ya jina letu ilikuwa jina la mtoto wa mtu mwingine.

Mungu anisamehe, moyo wangu ulisema: taja. Walikwisha kufa. Taja yeyote.

Mzee alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena. Mgeni akamhimiza, kwa upole: "Bote balikufa, papa. Haitabaumiza."

"Kulikuwa na mumoja mudogo kupita bote," akasema mume wangu. Hakuwa anamwangalia mgeni, alikuwa anawaangalia wale wa benchi. "Mama yake alipanda mulima kumuaga. Alikuwa analia, akamunyoshea mukono. Mutoto akarudi nyuma. Alisema, mama, sheria. Mama akalia zaidi, akapiga magoti, na mutoto akakataa. Mi nilimusifu. Nilisema, njo askari huyu. Kesho yake risasi ilimuingia hapa." Akagusa shingo yake. "Mi nilikuwa karibu. Ilimuingia tu, sawa vile inaingia mutu. Na bale bengine, ni vile vile. Hakuna mwenye aligusa. Sasa mi nitaje nani?"

"Papa," mgeni akasema, na upole ulikuwa umepungua, "ukisema vile unamaanisha ni we."

Mume wangu aligeuka. Akaja mlangoni. Nilifikiri anataka begi, nikainama kulisogeza chini ili aliokote.

"Mama, nipe mukono."

"Nini?"

"Nipe mukono wako."

"Wapi! Uko wazimu? Bantu banaangalia!"

"Nipe."

Nikampa. Sijui kwa nini, nilimpa tu. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili mbele ya wanaume wale wote, mikono migumu ya kuchonga mipini, yenye joto. Katika maisha yetu yote hatujawahi kushikana mikono mbele za watu. Si desturi yetu, tungechekwa. Ndani ya chumba nilisikia mtu akivuta pumzi. Kisha akauachia mkono wangu, akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye benchi.

Alimnyoshea mkono mpiga ngoma. Na watoto wa kwetu ndivyo walivyolelewa: mzee akikunyoshea mkono, unasimama, unaupokea kwa mikono miwili, unainamisha kichwa. Mwili unafanya kabla akili haijafika. Mpiga ngoma akasimama, akaupokea, akainama. Mfyatua matofali vile vile. Yule wa shati jeupe vile vile, na hata alisema "Shikamoo, papa." Mgeni akapiga kelele: "Musimuguse! Musimuguse!" Hapo njo waliobaki wakaelewa. Mmoja akajibana ukutani. Mzee akamshika kifundo cha mkono. Wa mwisho alificha mikono nyuma ya mgongo, naye akamwekea kiganja kwenye paji la uso, vile baba anavyopima homa ya mtoto.

"Sasa njo mimi," akawaambia. "Mara hii ni kweli. Mukaseme Papa Komanda aliharibu maji. Maji ya bote imekufa, na mwenye kunyunyiza iko mbali. Murudi kwa bamama benu."

Walimpiga. Nani angetegemea vingine? Mgeni alianza, kisha wawili wa wale vijana, wakilia kwa hasira, ju lori lilikuwa linakuja jioni na hakuna aliye safi wa kupanda. Mume wangu hakuinua mkono. Aliyepigana ni mimi. Niliingia mle chumbani ambamo wanawake hawaingii, nikawapiga kwa lile begi, kichwa, mgongo, popote, Biblia na sabuni ndani yake, nikiwatukana kwa lugha zote ninazojua na Kichewa juu. Mgeni alipata pigo moja la sikio ambalo naamini analikumbuka. Kisha nikamvuta mzee wangu nje.

Tulikaa mbele ya kibanda cha mama anayeuza mandasi. Mdomo wa mzee ulikuwa umepasuka. Yule mama alisema tu "Pepani, agogo," pole babu, akatuletea maji katika kopo. "Zikomo," mzee akasema, akalipokea kutoka mkononi mwake. Alikunywa. Nilimwacha amalize. Kisha nikalipuka.

"Na mimi?"

"Nini?"

"Na mimi, mwanaume we! Ulisema itaoshwa, ya kwako na ya kwangu. Sasa bantu batasema nini? Batasema munaona, ni kweli, tangu zamani ni ule mwanamke. Balimuona na macho! Umenichukua mukono wangu umeupaka mavi mbele ya kambi muzima. Na haukuniuliza!"

"Ningekuuliza, ungekataa?"

"Ningekubali!" nikapiga kelele, mpaka wanunuzi wa mandasi wakageuka. "Ningekubali, mujinga we! Lakini ungeniuliza!"

Akaniangalia, mdomo unavuja damu. "Pole, mama," akasema. Nikachukua kikwembe changu, nikalowesha pembe yake, nikaanza kumpangusa, na nilikuwa nalia kwa sauti pale barabarani bila haya yoyote. Nililia kwa kuwa alikuwa hai. Nililia pia kwa jina langu. Vyote vilikuja pamoja na sikuweza kuvitenganisha.

Kambini habari ilitutangulia, kama kawaida yake. Wazee wa kwetu walikuja nyumbani, wakakataa kukaa. Mmoja akasema, "Sasa tumejua. Tulikuwa tunasema labda tunamuonea. Kumbe njo tabia yake." Mume wangu aliwasikiliza akiwa amesimama, hakujitetea kwa neno moja. Mimi nilifungua mdomo, akanitikisia kichwa. Kanisa likamwomba apumzike kazi ya ulinzi. Wateja wangu wakapungua, kwaya moja ikapeleka vitambaa vyake kwa fundi mwingine vikiwa nusu vimekatwa. Wale vijana walipita mbele ya nyumba yetu wakitema mate. Yule wa shati jeupe hakutema, lakini aligeuza uso.

Hata hivyo mzee wa dawa hakurudi, na mgeni aliondoka na lori bila wao. Alikusanya wengine njiani, kutoka mahali pengine. Baridi ilikuwa bado haijaisha tulipoanza kusikia. Kwanza ujumbe wa sauti kwenye simu, kisha mwingine. Wale waliokwenda na mgeni walikutwa kwenye kivuko cha mto, wakauawa kabla hata ya kufika mlimani. Waliokuwa na maji na wasiokuwa nayo. Katika kambi yetu nyumba kadhaa ziliweka matanga kwa ajili ya wajomba na binamu waliotoka kambi nyingine. Watu walikaa nje na moto wao, wakilia. Mume wangu alienda kwenye kila matanga. Hawakumkaribisha, akakaa pembeni kabisa, chini, mpaka jua likazama, akarudi.

Hakuna aliyekuja kutuambia neno. Nilingoja. Nilidhani mama mmoja, hata mmoja, atakuja jikoni kwangu, akae, aseme kitu. Wapi.

Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya bomba. Mbele yangu alikuwa mama wa yule mpiga ngoma. Aliponiona alivuta ndoo yake mbali na yangu, ili zisigusane, na akasema kwa sauti ya kusikiwa na foleni yote, "Wengine tuko na haya kidogo. Tunajua kukaa mbali na bantu."

Nilikuwa nimechoka. Hata kutukana sikuwa na nguvu. Nikamuuliza tu, "Mutoto wako iko wapi saa hii?"

"Ju gani unaniuliza?"

"Iko wapi?"

"Iko nyumbani," akasema. "Nimemuacha analala." Mdomo wake ukabaki wazi kidogo. Aliangalia ndoo yake. Bomba lilikuwa linamwaga, ndoo ilikuwa imejaa, inafurika juu ya miguu yake, na hakuna aliyemwambia afunge. Baadaye akaibeba, akaondoka. Mimi sikumfuata.

Nilirudi nyumbani. Mzee alikuwa nje anachonga mpini, maganda ya mti yamemjaa mapajani. Niliweka ndoo, nikamweleza yote, neno kwa neno. Kisu kikasimama.

"Alisema analala?"

"Njo vile. Jua lote hili, analala."

"Muvivu ule," akasema mume wangu. Akarudia, "Muvivu ule," akijaribu kucheka, na machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye ndevu.